Naogopa kumwambia wifi ninachokiona kwa mtoto wake

Assalaam alaykum Mama Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nafundisha chekechea hapa Tanga. Nimeolewa, huu ni mwaka wa saba, na Mungu bado hajatujaalia mtoto. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonifunga mdomo, utaona huko mbele.

Kaka yangu na mkewe wanaishi Ngamiani, nyumba ya pili kutoka kwa mama yetu. Wana binti mmoja, nitamwita Zuhura ingawa si jina lake. Ana miaka 2 na miezi 2. Kabla yake wifi aliharibikiwa na mimba mbili, kwa hiyo Zuhura alipozaliwa nyumba nzima ilisoma maulidi. Mtoto ana afya, kwenye kadi ya kliniki uzito wake haujawahi kutoka kwenye kijani, na alitembea mapema. Kila mgeni humsifu: mtoto mpole huyu, hasumbui, unamweka mkekani unakwenda sokoni unarudi unamkuta pale pale. Na mimi nilikuwa nikimsifu hivyo hivyo.

Ijumaa huwa nashinda kwa mama, na wifi huniachia Zuhura akiwa na shughuli zake. Ndipo nilipoanza kuangalia vizuri. Namwita kwa jina, hageuki. Namwita tena, nakwenda nyuma yake napiga makofi, hageuki. Lakini muuza aiskrimu akipita na baiskeli yake mtaa wa tatu akagonga kengele, Zuhura keshafika mlangoni. Akitaka maji haonyeshi kidole wala hakutazami usoni. Hukushika kifundo cha mkono, akakuvuta mpaka kwenye mtungi, akauchukua mkono wako akauweka juu ya kikombe. Ukichelewa anausukuma ule mkono. Nimekaa nikaona kwamba ananihitaji mkono, mimi mwenyewe kama sipo.

Ana vizibo vya soda kwenye kopo. Huvipanga mstari kandokando ya ukuta, na ukikiondoa kimoja hulia mpaka anatapika. Mfuniko wa sufuria huuzungusha sakafuni, kisha analaza shavu chini kuutazama unavyozunguka. Mashine ya juisi ikiwashwa huziba masikio na kujificha nyuma ya kabati. Chakula ni wali mweupe na chapati, basi. Mchuzi ukigusa wali, sahani yote haisogelei.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba alikuwa na maneno. Kwenye mwaka na miezi mitatu hivi alikuwa akisema mama, baba, maji, na paka wa jirani alimwita nyau. Sasa hayapo. Sijui yalikwisha lini, hakuna aliyeshtuka. Ila tangazo la sabuni la kwenye televisheni ataliimba mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ile ile ya mtangazaji.

Mwaka huu Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani, nilikuwa nachambua mchele huku redio inaongea. Daktari alikuwa akieleza dalili za usonji kwa watoto wadogo, ile hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha namna mtoto anavyowasiliana na watu. Mama, nilidhani kuna mtu kamsimulia habari za Zuhura.

Sasa nitamwambiaje wifi? Mwaka jana nilisema kwa utani tu, "Mbona Zuhura hacheki na shangazi yake?" Akanijibu taratibu, mbele ya mama, "Wifi, wa kwako utakayempata atakuchekea." Sikulala siku hiyo. Tukakaa muda mrefu tunasalimiana kwa kukwepana.

Mama anasema ukoo wetu watoto huchelewa kusema, kaka mwenyewe alisema akiwa na miaka 3. Juu ya hapo ameshampeleka Zuhura kwa mtu Pangani akasomewa, akapewa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya dua, anywe, wakaambiwa mtoto ana jicho. La nani, hakusema. Lakini kwenye familia mwanamke asiye na mtoto ni mimi peke yangu, na nilivyotazamwa jioni ile nilijua. Kaka anafanya kazi bandarini, akirudi mtoto kalala. Muuguzi kliniki alimwambia wifi "atasema tu, msiwe na haraka". Wifi mwenyewe siku hizi haendi popote. Harusi ya binamu yetu alituma mchango, hakuja, akasema mtoto ana mafua. Hakuwa na mafua, nilitoka kumwona.

Je, nina haki ya kusema? Nikinyamaza halafu ikawa kweli, nitamtazamaje Zuhura akikua? Nikisema halafu ikawa si kweli, nitakuwa nimempaka mtoto wa watu ugonjwa. Na kama ni usonji, kuna la kufanya hapa Tanga? Na wakinikatalia je?

Shangazi Mtu, Tanga

*

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako ina mambo mawili ambayo umeyafunga kwenye kanga moja: kuna habari ya Zuhura, na kuna habari yako wewe na wifi yako. Ukiyabeba pamoja hayabebeki. Hebu tuyafungue, tuanze na mtoto maana yeye ndiye asiyeweza kuniandikia.

Mimi siwezi kukuambia kwamba Zuhura ana usonji. Na wewe, niwie radhi, huwezi pia, japo daktari wa redioni alikugusa. Barua haipimi mtoto. Ninachoweza kukuambia ni kwamba uliyoyaona yanatosha kabisa kumpeleka akaangaliwe, na wala si lazima mtu awe na hakika ndiyo aende.

Tena hayana uzito sawa. Vizibo vya soda mstari, wali usioguswa na mchuzi, kuziba masikio mashine ikiwashwa: hayo peke yake ningekuambia uyaweke pembeni, watoto wengi wana vituko vyao. Yanayonifanya nikae wima ni matatu. La kwanza ni jina. Mtoto wa mwaka mmoja kwa kawaida ukimwita hugeuka, hata kama ni kukutazama tu na kuendelea na yake. La pili ni kidole, na hapa nataka uangalie kitu ambacho watu hukipita. Mtoto huonyesha kidole kwa sababu mbili. Moja ni kuomba: nataka kile. Nyingine ni kushirikisha: ona ndege! Anaonyesha, anageuka kukutazama kama nawe umeona, anarudi kwa ndege. Hataki kupewa yule ndege, anataka muwe wawili mnaomtazama. Kufika mwaka na nusu watoto wengi wanafanya hivyo kutwa nzima mpaka unachoka. Ijumaa ijayo tazama kama Zuhura amewahi kukuletea kitu ili ukione tu, hata kizibo.

La tatu ni maneno yaliyopotea. Mtoto wa miaka 2 aghalabu huunganisha maneno mawili, "baba kaja", "maji baridi", na anayechelewa kidogo pengine atafika. Lakini mtoto aliyekuwa na nyau akampoteza, huyo hasubiriwi. Kupoteza maneno au kupoteza ile hali ya kuchangamka na watu, katika umri wowote, ni sababu ya kwenda kwa daktari. Muuguzi aliyesema "atasema tu" pengine hakuambiwa kwamba aliwahi kusema.

Lakini kuna njia nyingine zinazofika mahali hapo hapo bila kuwa usonji. Masikio kwanza. Utasema kengele ya aiskrimu anaisikia, na ni kweli, ila mtoto anaweza kusikia kengele kali akakosa sauti ya chini ya mtu, hasa kama amekuwa akiumwa masikio na kutoka usaha. Kwa hiyo kipimo cha masikio ni cha mwanzo hata kama kila mtu ana uhakika anasikia. Pili, muulizeni wifi, kwa upole, kama mtoto aliwahi kupata degedege, au kama kuna nyakati anaganda macho yamekodoka hata ukimgusa hashtuki. Hilo daktari anahitaji kulijua mapema, kwani kifafa nacho kinaweza kumnyamazisha mtoto, na matibabu yake ni mengine.

Kuhusu upole wake. Wavulana hugunduliwa na usonji mara kadhaa zaidi ya wasichana, na wataalamu wengi siku hizi wanaamini sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba wasichana wanapitwa. Mvulana asiyegeuka akiitwa ataitwa mkaidi, atachapwa, atapelekwa mahali. Msichana atasifiwa. Mtoto unayemwacha mkekani, unakwenda sokoni unarudi unamkuta pale pale, mimi nisingemsifu haraka. Na si jambo la nadra: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa mji kama Tanga hesabu hiyo ni watoto wengi, wengi wao wako ndani na milango imerudishwa.

Sasa mama yako. Anaposema ukoo wenu huchelewa kusema, usimbishie, huenda anasema kweli tupu. Muulize tu zaidi: kaka alipokuwa wa miaka 2, kabla hajasema, alikuwa anakuvuta kanga kukuonyesha kitu? Ukimwita alikuwa anakuja? Mtoto anayechelewa ulimi tu huwa ana macho na mikono inayosema. Halafu, nakunong'oneza hili, "ukoo wetu tuko hivyo" haliondoi usonji mezani. Usonji kwa kiasi kikubwa huenda na damu, na familia nyingi zikianza kumwelewa mtoto mmoja huanza pia kumkumbuka mjomba fulani.

Na jicho. Najua neno hilo lilikuchoma wapi. Hakuna jicho la mtu linalompa mtoto usonji, wala husuda, wala tumbo tupu la shangazi. Nimekuambia hivyo bila kuzunguka kwa sababu hapo sioni cha kupima. Lakini usiende kwa mama yako kumwambia achague kati ya kombe na kliniki. Kuna utafiti uliofanywa pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, wakaulizwa wazazi na wataalamu, watu wa dini na kabila tofauti, nini kinaleta usonji. Walitaja mapepo, laana na uchawi, na katika mazungumzo hayo hayo wakataja maradhi na shida za wakati wa kuzaa, na watu walikuwa wakienda kwa mganga, kwa viongozi wa dini na hospitali. Pwani ndivyo tulivyo. Dua haimzuii mtu kupanda daladala kwenda hospitali ya Bombo. Ambapo mimi ningekaza ni kwenye mafusho, kuchanjwa chale, dawa za kunywa ambazo mwenye kuzitoa hasemi ni nini, na yule anayesema "msimpeleke hospitali mpaka nimalize siku zangu". Huyo wa mwisho anakula muda wa Zuhura, na kwa umri wake muda ndio mali.

Tuje kwa wifi. Barua yako yote imesimama juu ya jambo moja, kwamba wewe umeona na yeye hajaona. Una hakika? Mwanamke aliyepoteza mimba mbili akapata wa tatu humhesabu mtoto wake pumzi. Amekuwa akimfariji akitapika kwa sababu ya kizibo. Ndiye aliyesikia "nyau" ya mwisho. Halafu anaacha harusi, anasingizia mafua. Mimi ninaposoma hapo simwoni mtu asiyejua. Huenda namwona mtu aliyechoka kueleza mbele za watu kwa nini mtoto wake hapeani mkono na bibi harusi. Hata lile jibu lake, "wa kwako atakuchekea", lilikuwa baya na sikulaumu kwa kukosa usingizi. Ila lisikilize tena. Ulimwuliza kwa utani kwa nini mtoto hacheki na mtu. Kama swali hilo yeye alikuwa analiuliza kila usiku, basi utani wako ulitua penye kidonda, naye akakurudishia penye chako. Naweza kuwa nimekosea, wewe unamjua. Lipime tu.

Unauliza kama una haki. Wewe ni shangazi, na kwetu shangazi ni mtu mkubwa kwa mtoto. Tena unakaa na watoto wa miaka 4 na 5 kutwa, jicho lako la mwalimu lina kazi yake. Lakini jicho hilo hilo lina mazoea ya kutafuta nani yuko nyuma. Kabla hujafungua mdomo, keti ujiulize unataka nini kwenye mazungumzo hayo: Zuhura aangaliwe, au familia ikubali kwamba uliona wa kwanza na jicho halikuwa lako? Yote mawili yanaeleweka. Lakini wifi atalisikia lile unalolitaka zaidi, hata usipolitamka.

Kwa nani uanzie? Unaweza kumwanza kaka yako, ni damu yako na hatakufikiria vibaya. Hatari ni kwamba mtoto anamwona usingizini, hana alichokiona cha kuongeza, kwa hiyo atakachobeba kwenda nacho chumbani ni "dada anasema mtoto ana tatizo". Wifi atajua mlimkalia kikao, na wanawake wengi walioachwa kwa sababu ya mtoto wa aina hii mambo yao yalianza na sentensi ya namna hiyo. Unaweza kumpitia mama, lakini mama ameshakuwa na jibu lake la Pangani. Unaweza kwenda kliniki mwenyewe ukamwuliza muuguzi mambo ya jumla bila kutaja jina, hilo halina madhara, litakupa picha ya rufaa zinavyokwenda. Ukienda kumtaja mtoto wa mwenzio kwa siri, likijulikana, mlango umefungwa. Na unaweza kunyamaza. Kunyamaza kuna utulivu wake kwa miezi kadhaa, kisha shule itasema badala yako, na shule haitachagua maneno.

Kama utamwendea wifi mwenyewe, basi usiende na jina la ugonjwa. Neno usonji liache redioni kwanza. Nenda siku mko wawili, mikono ina kazi, mnakuna nazi au mnaanika nguo, maana watu wanaotazamana uso kwa uso kwenye viti hujiandaa kwa ugomvi. Anza na lile la mwaka jana, kwamba utani ule haukuwa mzuri, bila kudai naye aombe radhi. Kisha sema ulichokiona kimoja tu. "Wifi, nilikuwa namkumbuka Zuhura alivyokuwa anamwita paka nyau. Bado anasema?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hata ukimya ukiwa mrefu. Akisema "hapana, ameacha", mwulize yeye analionaje. Akilia, mwache alie. Akikujia juu, usimtetee daktari wa redioni, mwambie "sijui ni nini, nilitaka masikio yake yaangaliwe, na ukiniruhusu nitakusindikiza." Masikio hayana aibu. Hakuna mama anayeona haya kumpeleka mtoto kupimwa masikio.

Mkifika kliniki, usiache wifi aseme tu "hajasema bado", kwa kuwa jibu lake mnalijua. Aseme: alikuwa na maneno manne, yamepotea, haitiki jina, haonyeshi kidole, tunaomba rufaa ya masikio na ya makuzi. Akiridhia, mchukueni kwa simu dakika moja anapocheza na dakika moja anapoitwa, kwani watoto hawa wakifika mbele ya daktari hulala au hulia, na daktari anabaki kukisia. Kuna dodoso linaloitwa M-CHAT-R, maswali 20 ya ndiyo na hapana kuhusu mambo ya kila siku, limetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 mpaka 30. Zuhura bado yumo kwenye umri huo. Dodoso halisemi mtoto ana usonji, linasema aangaliwe zaidi au la. Kutoka kliniki njia ya kawaida kwenu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bombo, na ikibidi hospitali ya Muhimbili Dar es Salaam au ya KCMC Moshi, ambako ndiko pia wataalamu wa tiba kwa vitendo wanakosomeshwa. Hao ndio watakaomfundisha kula, kuvaa na kucheza, na kukufundisheni nyinyi namna ya kumsaidia. Wataalamu wa lugha na matamshi ni wachache nchini, foleni ni ndefu, mjiandae kwa hilo ili msije mkadhani mmepuuzwa. Na dirishani ulizeni msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka 5.

Msitarajie kipimo cha damu au picha itakayosema ndiyo au hapana. Mtoto huangaliwa, wazazi huulizwa, na wakati mwingine huambiwa warudi. Dawa ya kuuondoa usonji hakuna, na atakayewauzia, iwe chupa, iwe sindano, iwe lishe ya ajabu, anauza matumaini yenu wenyewe kwenu.

Wifi pia atatafuta alichokosea, jiandaeni kwa hilo. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii, na kwa miaka mingi baada ya hapo kina mama waliambiwa ubaridi wao ndio ulioharibu watoto. Nadharia hiyo ilianguka, lakini kila mama bado hujiambia mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Mtu mwingine atamwambia ni chanjo. Maneno hayo yalishika kasi kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet la Uingereza, na jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010. Televisheni nayo haikumpa, ila kuipunguza kutawapa saa za kukaa naye mkekani.

Na hapo mkekani ndipo kwenye kazi yako ambayo hukuhitaji ruhusa ya mtu. Ijumaa, keti mbele ya Zuhura, si nyuma yake, macho yako yawe usawa wa macho yake. Usiguse mstari wake wa vizibo. Chukua vyako, panga wa kwako sambamba na wake, kimya. Anaweza asikujali Ijumaa nzima. Siku atakapochungulia mstari wako, inua kizibo kimoja mpaka karibu na jicho lako, subiri. Akikupa hata nusu ya mtazamo, sema "kizibo!" kwa furaha, mpe. Akikuvuta mkono kwenda kwenye mtungi, nenda naye, ila mkono wako ukifika juu ya kikombe usimimine mara moja. Sema "maji", subiri kidogo, mtazame, kisha mimina. Neno moja, siyo hotuba. Usimlazimishe kukutazama kwa kumshika kidevu, na usimwambie "sema maji ndiyo nikupe", kiu si mtihani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyoandaliwa kwa nchi zenye wataalamu wachache, na kiini chake ni michezo na shughuli za nyumbani kama hizi. Zikifanywa na mtoto aliyechelewa kusema tu, zinamfaa. Zikifanywa na mwenye usonji, zinamfaa. Ndiyo maana nasema jina linaweza kusubiri, Ijumaa isisubiri.

Na komeo la mlango, tafadhali, juu asikofika. Mtoto anayekimbilia kengele ya aiskrimu bila kugeuka akiitwa, na bodaboda za Ngamiani unazijua.

Unaogopa kumpaka mtoto ugonjwa ambao hana. Ukienda na jina, ndiyo, utakuwa umempaka. Ukienda na nyau na masikio, na ikaonekana hana lolote, mtakuwa mmepoteza nauli na asubuhi moja kwenye foleni. Hofu yako ya upande wa pili, kunyamaza halafu ikawa kweli, siwezi kuipima kwa nauli. Uamuzi huo nakuachia, maana wewe ndiye utakayeketi kwenye meza ile siku ya Idi.

Akikukatalia kabisa, usivae vita, na usiende kuzungumza na majirani ili wamsukume. Endelea na Ijumaa zako. Mtu akikataa mara ya kwanza mara nyingi anakataa kusikia, hajakataa kwenda. Baada ya muda rudi na masikio tu. Kama kaka atakuwa na siku ya mapumziko, mwombe ashinde na mwanawe kutwa nzima bila wewe kumweleza atazame nini. Huyo akiona kwa macho yake, atakwenda chumbani na neno lake mwenyewe, na hilo mkewe atalipokea tofauti.

Kuhusu wewe na mwaka wa saba, sina la kukufuta machozi kwa maneno ya gazetini. Ila kama hamjakwenda kupimwa, wewe na mumeo wote wawili, hilo nalo lina barua yake, niandikie.

Na mama, usimwache nje. Hospitali watauliza Zuhura alizaliwaje, alilia saa ngapi, alinyonya vipi, alisema nini kwanza na aliacha lini. Kwenye nyumba yenu anayekumbuka mambo hayo kwa mwezi na kwa mfungo ni yeye. Mwombeni aende nanyi kama shahidi, achukue kadi ya kliniki kwenye mkoba wake, na akitaka kusoma dua yake kwenye daladala, msome wote.